Vifungo Vitatu

"Vitatu," Sindano akasema, na kweli akadondosha vifungo vitatu kwenye kopo la bati. Ti, ti, ti. "Na hicho cha mwisho nimempa kwa huruma. Huyu kaazima koo la mtu. Akalirudishe kabla mwenyewe hajaanza kulitafuta."

Siku nyingine karakana nzima ingevunjika mbavu. Leo hakucheka mtu. Hata cherehani cha Bibi Mkasi, mwenye karakana, ambacho huwa hakisimami hata mgeni akiingia, kilisimama.

"Mbona mmekaa kama mmemwagiwa maji?"

"Sindano," Redio alimwita taratibu. Redio ni mshonaji mwenzake, na simu yake ilikuwa juu, inarusha kila kitu moja kwa moja mtandaoni. "Hebu geuka."

Sindano akageuka. Kwenye televisheni iliyotundikwa ukutani nyuma yao, ndani ya suti nyeupe iliyombana mabega, alisimama mchumba wake.

Niwaambie kwanza jambo hili lilikujaje, msije mkamwona mwanamke huyu hana macho. Katika karakana ile vyerehani vyote vinatazama dirishani, kwenye mwanga, na televisheni iko nyuma karibu na mlango. Sheria ya Bibi Mkasi ni moja: mashine ikiwaka, shingo haigeuki. Aliitunga baada ya mshonaji mmoja kugeuka kutazama harusi ya kwenye tamthilia, sindano ikapita kwenye ukucha wake. Kwa hiyo mashindano ya kuimba ya kila Jumamosi jioni waliyasikiliza tu, na kila mshiriki walimpa maksi kwa vifungo, kumi ndiyo kamili. Redio alipoanza kuwarekodi, watu wakawapenda kuliko majaji wenyewe. Majaji huona viatu na nywele, walisema, wale mafundi husikia sauti peke yake.

Na mwenye sikio kali kuliko wote alikuwa Sindano. Mchumba wake mwenyewe alimpata kwa sikio. Fundi Tangi, kama walivyomwita, kazi yake ni kuosha na kuziba matangi ya maji. Siku moja alikuwa ndani ya tangi la juu ya paa la karakana, anasugua na kuimba, na sauti ikateremka hadi chini, nzito, ina mwangwi, kana kwamba nyumba yenyewe ndiyo inayoimba. Sindano akapaza sauti, "Nane!" Baadaye ngazi ikalia, akashuka kijana mwembamba, amelowa hadi magotini.

"Mbili zimekwenda wapi?" akauliza.

"Mwisho umeukimbiza. Kama mtu anayewahi choo."

Akacheka hadi akakaa chini. Tangu siku ile walipendana, na tangu siku ile hakuwahi kupewa kumi. Tisa, aliwahi. Alizoea kusema siku Sindano akimpa kumi ndipo atajua ameanza kudanganywa.

Alipoingia kwenye mashindano, karakana ilimpa nane, tisa, tisa, naye akapanda hadi nusu fainali. Jumamosi hiyo alipangwa kuimba wa mwisho. Ratiba ikageuzwa, na mtangazaji alipomtaja, Sindano alikuwa kwenye mashine ya kupinda kingo, ile inayonguruma kama trekta. Alipoizima, wimbo ulikuwa umeshaanza. Alichosikia ni sauti nyembamba, inayopita puani, inajikunjakunja kila neno. Haikumjia hata kidogo kwamba anamfahamu mwenye sauti ile.

Majaji walisimama wote kumpigia makofi. Fundi Tangi akavuka kwenda fainali. Na kabla chai ya jioni haijapoa, video ya vifungo vitatu ilikuwa kila mahali.

Simu ikaita.

"Umeniona?" Sauti ya Fundi Tangi ilikuwa ya chini.

"Nimekusikia kwanza."

"Vitatu, Sindano."

"Sikujua ni wewe. Haki sikujua."

"Hapo ndipo panaponiuma. Vitatu nitavimeza. Lakini wewe ulinijua kabla hujaiona sura yangu. Leo dunia inanisikiliza, wewe unaniuliza nimeazima koo la nani."

"Ungeimba wewe, ningekujua."

Sindano alisikia watu wakicheka nyuma ya Fundi Tangi, huko kambini walikowekwa washiriki. Kisha mwanaume akaanza kujieleza: mwalimu wa sauti kamwambia sauti yake ni ya tangini, nzito, haiuziki, na wanaoshinda siku hizi wanaimba laini. Amejifunza wiki nzima. Na majaji wamesimama, je, hakuona?

"Nimeona."

"Basi nisaidie. Hiyo video inanilia kura. Kesho jirekodini tena, sema ulikuwa unatania, nipe kumi. Kitu kidogo tu."

Sindano alimpenda mtu huyu. Na angempa kitu chochote alichokuwa nacho, ila hicho.

"Kumi sijawahi kukupa hata ukiwa tangini."

"Sikutanii, mwenzio."

"Hata mimi."

Kesho yake akaja wifi yake, dada mkubwa wa Fundi Tangi, mwanamke anayeingia mahali na mkoba mbele kama ngao. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkabala na gauni la harusi la Sindano lililovishwa sanamu, bado halijatiwa mikono. Maji aliyopewa hakuyagusa.

"Wifi, wahenga walisema ukipenda, chongo utaita kengeza," alianza. "Wewe chongo unaita chongo, tena hadharani."

"Wahenga walikuwa wanatazama, wifi. Mimi nilikuwa nimempa mgongo."

"Usinichezee maneno. Familia nzima imeweka roho pale. Mama hali. Neno moja tu kutoka kwako, mambo yanakaa sawa."

"Neno lenyewe si la kweli."

Wifi akasimama. Alilishika lile gauni kwenye kiuno, akalitazama kama analipima.

"Basi utafute wa kulivaa," akasema, akaondoka zake.

Mtandaoni wakamchambua kama karanga. Wapo waliosema anaringa. Wapo waliosema amehongwa na mshiriki mwingine. Waliomchoma hasa ni wale walioandika kwamba anaogopa mwanaume akishinda atamwacha, ndiyo maana anamvuta shati. Hilo lilimkalia kifuani, kwa sababu kweli aliogopa. Alijiuliza kwa uchungu: ni sikio lake lililosema vitatu, au ni hofu yake? Kisha akakumbuka kwamba alisema vitatu kabla hajajua ni nani. Hofu haikuwapo wakati ule. Akashika hapohapo.

Hata hivyo alijaribu. Redio alimbembeleza, mdomo haulipiwi kodi, sema kumi tuendelee na maisha. Wakawasha simu. Sindano akachukua vifungo kumi mkononi, akavishikilia juu ya kopo. Vidole vikagoma kufunguka.

"Zima," akasema.

Akamwandikia ujumbe: "Mpenzi, ukirudi kwenye sauti yako, nitakuwa wa kwanza kukusikia. Wewe nakupenda. Yule wa suti nyeupe simjui, na siwezi kumdanganya kwa jina lako."

Jibu lilichukua muda. Lilipokuja lilikuwa fupi: "Basi usinisubiri."

Sindano alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa amekaa. Alilia kidogo, kwa aibu, uso umeelekea dirishani ili wenzake wasimwone, ingawa wote walijua. Kisha akajifuta kwa kipande cha bitana, akavuta shati jeupe la kiume alilokuwa amelikata tangu mwezi uliopita, shati la bwana harusi, akaanza kuunga bega.

Redio alishindwa kuvumilia. "Unamshonea nani sasa, na mtu kakwambia usimsubiri?"

"Kaniambia nisimsubiri. Hakuniambia nisishone."

Bibi Mkasi akaguna. Kwa jinsi alivyokuwa mgumu wa maneno, hiyo ilikuwa hotuba.

Jumamosi ya fainali karakana ilijaa hadi mlangoni. Majirani walikuja, wateja walikuja, na wifi naye alikuja, akachagua kiti cha mbele kabisa, uso kwa uso na televisheni. Hakumsalimia Sindano. Sindano naye alikuwa mahali pake, mgongo kwa wote, anashona pindo la shati taratibu.

Walibaki washiriki watatu. Wa kwanza akaimba, wa pili akaimba, wote wazuri. Kisha mtangazaji akamtaja Fundi Tangi. Safari hii Sindano alisikia.

Muziki ulianza, ule laini. Ukaenda kidogo, halafu sauti ikasema kwenye kipaza sauti, "Samahani. Naomba vyombo vinyamaze."

Ukumbi ukanong'ona. Vyombo vikanyamaza kimoja baada ya kingine.

Akaanza peke yake. Sauti ilitoka chini, nzito, ina mwangwi wake wenyewe, na mle karakanani mtu mmoja akasema, "Huyu sasa." Mashine ya Sindano iliendelea kuzunguka bila kitambaa chini yake. Bibi Mkasi aliinuka, akaenda hadi ukutani, akazima swichi ya vyerehani vyote.

"Geukeni," akasema. Haijawahi kutokea tangu karakana ifunguliwe.

Wote wakageuka. Sindano hakugeuka.

"Geuka basi, mwanangu, nimeruhusu."

"Bado nasikiliza."

Alisikiliza hadi mwisho, macho yamefumbwa, machozi yanadondokea shati la watu. Wimbo ulipokwisha akavuta kopo. Watu wakahesabu kwa sauti, moja, mbili, hadi tisa. Mkono ukarudi mezani.

"Tisa?" Wifi aliruka kitini. "Hata leo?"

"Mwisho kaukimbiza, wifi."

Redio alicheka na kulia kwa pamoja, simu ikamponyoka.

Majaji hawakusimama. Walisema walimpenda zaidi wiki iliyopita, walisema amejirudisha nyuma. Kura ziliposomwa, Fundi Tangi alikuwa wa tatu. Wifi alichukua mkoba wake, akatoka bila kuaga, na Sindano alibaki na kopo la vifungo tisa na swali ambalo hakutaka kumuuliza mtu.

Jumatatu mchana mlango ulifunguliwa. Aliingia na mfuko wake wa vifaa vya kazi begani, mswaki wa tangi umechomoza. Bibi Mkasi alimtazama, akawaambia mafundi wengine waende kula, ingawa walikuwa wamekwisha kula.

"Wa tatu," Fundi Tangi akasema. "Kati ya watatu."

"Hiyo tatu inakupenda."

Akatabasamu, kisha uso ukabadilika. "Nisamehe. Kwa ule ujumbe."

"Ulitaka nisikusubiri kweli?"

"Nilitaka uumie kama nilivyoumia. Halafu nikachukua simu nikasikiliza wimbo wangu wa nusu fainali. Nikaigeuzia mgongo, kama nyie. Nikakaa nangoja nianze kuimba. Nikangoja. Wimbo ukaisha, Sindano, mimi bado sijaanza."

Sindano alishindwa kumtazama. Alilitoa swali lake lililokuwa limemkwama tangu Jumamosi.

"Nimekunyima ushindi?"

"Wewe hukuimba. Aliyevinyamazisha vyombo ni mimi, na nilijua nitakachopoteza." Akaweka mfuko chini. "Dada bado amenuna, lakini asubuhi nimemkuta anaosha vyombo, anauimba wimbo wa fainali. Tena mwisho anaukimbiza."

Hapo Sindano akacheka, na kicheko kikafungua kilichobaki. Wakashikana, na mswaki wa tangi ukaanguka, hakuna aliyeuokota.

"Lakini tisa," akasema mwanaume, kidevu kikiwa juu ya kitambaa cha kichwa cha Sindano. "Cha kumi kiko wapi?"

Sindano akajitoa mikononi mwake, akachukua shati lililokunjwa mezani. Akamwonyesha kola.

"Nimekishona hapa. Hiki hakiingii kwenye kopo."

Alilivaa palepale, akalifunga hadi shingoni. "Kimebana."

"Hakijabana. Umenenepa kambini."

"Na nikiimba siku ya harusi, utanipa ngapi?"

"Siku hiyo sitoi maksi," Sindano akasema, anamnyooshea kola. "Siku hiyo nitageuka."

Na kweli aligeuka. Gauni lilikuwa limetiwa mikono, wifi ndiye aliyelibeba pindo, na Fundi Tangi aliimba amesimama mlangoni bila chombo hata kimoja. Mwisho aliukimbiza kama kawaida yake, maana alikuwa anawahi kumfikia.