Mtungi Ambao Haukuambiwa

Mpaka leo Thoa hajui ni nani aliyelifunga fundo lile. Kitambaa chenyewe cha msiba anacho, kimekunjwa ndani ya droo ya cherehani pamoja na mikasi na vifungo vilivyobaki. Msiba ulipoisha na vitambaa vya wengine kuchomwa kama desturi, hiki hakikuchomwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kukifungua wala aliyethubutu kukikata. Mwenyewe hapendi kuzungumzia habari hiyo. Lakini majirani zake wa ghorofa ya tatu, katika yale majengo ya zamani ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo mjini Nam Định, bado wanaikumbuka.

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na jiko dogo lisilo na dirisha. Humo waliishi Thoa, mumewe Quyết, binti yao Tép aliyekuwa na miaka sita, na bibi Mùi, mama yake Quyết, pamoja na bustani nzima ya bibi Mùi. Mboga za nderema zilipanda kwenye nondo za kibaraza. Vitunguu vya majani viliota ndani ya ndoo za rangi, pilipili ndani ya kopo la maziwa, minanaa juu ya kabati, na mtambuu wake mpendwa uliuzunguka mlango hata mgeni akiingia sharti ainame.

"Mama, mwakani utapanda mpunga kitandani," Quyết alikuwa akimtania.

"Nitaupanda kichwani kwako. Pameshalimwa, na jua linafika vizuri."

Quyết alijishika upara, Tép akacheka mpaka akakohoa.

Lakini kilimo alichokipenda kuliko chote bibi Mùi alikifanya gizani. Chini ya rafu ya jikoni aliweka mtungi wa udongo. Aliujaza choroko zilizolowekwa ili zitoe machipukizi ya kula, akazifunika kwa majani ya mianzi, akayabana majani kwa vipande vya mwanzi vilivyofungwa pamoja, kisha akautupia mtungi shuka jeusi. Asubuhi na jioni aliuzamisha kwenye beseni la maji, akaupindua ujichuje, tone baada ya tone. Tép alikaa kando yake kushika shuka.

"Yakiona jua yanageuka kijani, yanakuwa machungu," bibi alimfundisha. "Na ukitaka yanenepe, yakandamize. Hivi." Akaegemeza kiganja cha kushoto juu ya majani. Kiganja hicho hakikuwa na kidole cha pete. Mashine ya kusokota nyuzi ilikichukua angali msichana. Tangu hapo kila fundo alilikaza kwa meno, na kwa kuwa tambuu haikumtoka kinywani, kila fundo la nyumba ile lilikuwa na doa jekundu.

Alifariki asubuhi moja ya manyunyu, ameketi kwenye kigoda chake. Siku hiyo Tép alikuwa na homa kali. Wazazi walishauriana kwa minong'ono mlangoni, wakampeleka kwa dada yake Thoa, wakamwambia kwamba bibi amekwenda kijijini kupanda mpunga. Ni vigumu kuwalaumu. Mtoto alikuwa anaungua, na Quyết mwenyewe alikuwa bado hajaweza kulitamka neno la kifo.

Kabla jeneza halijatoka, Quyết alifanya kama walivyofanya baba zake. Alichana kitambaa cheupe cha msiba, akazunguka mmea kwa mmea, akaufunga kila mmoja utepe na kuuambia kwamba mwenye kuutunza amekufa. Mmea usioambiwa, watu wa kule husema, hunyauka umfuate, au hukaa kumngoja. Alizifunga nderema. Aliufunga mtambuu. Hata pilipili ya kwenye kopo ilipata utepe wake.

Mtungi ulikuwa gizani, chini ya shuka. Hakuna aliyeukumbuka.

Tép alirudi nyumbani homa imekwisha. Ulikuwa ule msimu ambao sakafu hutoka jasho na nguo hazikauki, kwa hiyo Thoa alipokanyaga maji jikoni hakushtuka. Alishtuka aliposikia harufu ya choroko mbichi. Akalivuta shuka, amejiandaa kwa uvundo.

Machipukizi yalikuwa meupe. Manene. Mabichi kama ya kuchuma siku ileile. Na mtungi ulikuwa unachuruzika.

"Baba Tép, wewe ndiye unayeunywesha huu?"

"Mimi? Hata nderema sijui zinakunywa saa ngapi. Umechoka, mama Tép. Unafanya halafu unasahau."

"Nimechoka, sijarukwa na akili."

"Si mimi, mama," Tép alisema bila kuulizwa. "Mimi siwezi kuunyanyua."

Ilikuwa kweli. Thoa hakuyapika machipukizi yale, wala hakuyatupa. Yalikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya marehemu. Akalirudisha shuka. Siku zikapita. Hayakukua. Hayakuoza. Na kila alipogusa mtungi, ulikuwa umelowa.

Kisha Tép akaanza kupauka. Kwanza midomo, halafu kucha. Daktari wa zahanati alisema damu imepungua, akampa dawa ya maji, na Thoa akampa kila siku bila kukosa. Haikusaidia. Mtoto alilikimbia dirisha. Alihamia chini ya meza ya kukatia nguo, akajifunika, akakataa wali. Shingo yake ikaonekana ndefu, laini, kama kitu kisichowahi kuguswa na upepo.

"Toka uote jua kidogo, mwanangu."

"Bibi kanikataza." Sauti ilikuwa ya upole. "Kasema nikiona jua nitakuwa mchungu."

"Kakwambia lini?"

"Akija kuninywesha."

Thoa hakumwambia mumewe maneno hayo. Alijua angemwambia amechoka.

Siku ya pili yake, mchana, jengo zima lilikuwa limelala usingizi wa baada ya chakula. Quyết alikoroma kitandani. Thoa alijilaza kwenye mkeka, amefumba macho, akasikia beseni likisukumwa jikoni. Akasikia mtungi ukizama. Ule mlio wa maji yakiingia kwenye shingo nyembamba. Kisha ukapinduliwa. Tone. Tone.

Nyayo hazikusikika. Matone ndiyo yaliyosogea. Yalitoka jikoni. Yakavuka kizingiti. Yakampita karibu na sikio.

Akafumbua macho.

Chini ya meza Tép alikuwa amechuchumaa, amekumbatia magoti, shuka jeusi limemfunika kichwa. Thoa alilijua shuka lile. Lilikuwa la mtungi. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Lakini juu ya kichwa cha mtoto shuka lilikuwa linabonyea. Polepole. Kwa uzito. Kama linavyobonyea chini ya kiganja.

Kidole gumba. Viwili. Pengo. Kidole kidogo.

Alipomvuta, mtoto alikuwa amelowa hadi mifupani, na maji yale yalinuka choroko.

Ukelele wa Thoa ulimleta jirani, bibi Nụ, aliyefanya kazi na marehemu kiwandani tangu ujana. Alikuwa mtu wa maskhara, hana jino hata moja kinywani, na meno yake ya mwisho aliyatia mwenyewe kwenye jeneza la marehemu, akisema amtangulizie nayo huko aendako. Mchana ule hakutania. Alitazama shuka, akatazama michirizi ya maji sakafuni.

"Quyết," alinong'ona. "Mimea uliifunga yote?"

"Yote, mama."

"Na mtungi?"

Quyết aligeuka kutazama jikoni.

"Na huyu mtoto? Alivaa kitambaa cha msiba wa bibi yake, au naye mlimwacha gizani?"

Thoa alimpakata Tép kwa nguvu zaidi. Shavu la mtoto lilikuwa baridi kama udongo. Waliamua palepale, bila kungoja siku njema wala mtu wa kuwaombea: mtoto aambiwe, mtungi uambiwe, na wote wawili wafungwe. Kazi hiyo ilikuwa ya Quyết, mtoto wa kiume. Aliwasha udi mbele ya picha ya mama yake. Akachana tepe mbili. Akapiga magoti.

"Tép, mwanangu. Bibi hakwenda kijijini. Bibi..." Akakwama.

"Amekufa," Tép alisema. "Mimi najua, baba. Bibi ndiye hajui."

Jikoni kulidondoka tone.

"Mwacheni yeye aseme," bibi Nụ alinong'ona. "Ndiye aliyekuwa akifanya naye kazi ya mtungi."

Thoa akamsindikiza hadi kizingitini, kisha akamwachia mkono, na hilo lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya. Tép aliingia peke yake. Aliufunga mtungi utepe kwa fundo la kitoto, lililolegea. Utepe wa pili alijiwekea kichwani, ncha zikaning'inia mgongoni. Kufunga nyuma hakujua. Akainamia mdomo wa mtungi.

"Bibi, umekufa," alisema. "Walisahau kukuambia. Usichoke tena kuja. Mama ataninywesha."

Wakalisubiri tone lingine. Halikuja.

Kisha mtungi ukatoa harufu ya uozo wa majuma mengi, yote kwa pamoja, na Tép akageuka akawakimbilia, analia kwa sauti kama mtoto yeyote aliyefiwa. Thoa alimbeba hadi kibarazani, kwenye mwanga. Ndipo mkono wake ulipogusa kisogo cha mtoto.

Ncha za utepe hazikuning'inia tena. Zilikuwa zimefungwa, kwa fundo dogo, limekazwa sana. Lilikuwa bado na unyevu. Na katikati yake palikuwa na doa jekundu la tambuu.