Sauti Iliyomlaza Mtoto wa Tatiana

"Wewe kijana, nishushie mfuko wa unga wa kilo kumi, na usiniletee uliopasuka."

Zipporah alisema hivyo bila kumtazama mtu mwenyewe. Duka la Kanti, karibu na stesheni ya Rayners Lane, lilikuwa limejaa kama kila Jumamosi: akina mama wa sari wakibonyeza bilinganya, watoto wakililia biskuti, harufu ya bizari na samaki wakavu ikishindana na makoti yaliyolowa mvua. Kijana alisimama kando ya rafu, mrefu, fulana ya kijani imemkaa kifuani kama aliyeshonewa. Hakubisha. Akaushusha mfuko, akaugeuza pande zote, akaupangusa vumbi.

"Huu hapa mzima. Nikubebee hadi wapi?"

"Hadi kwa mwenye duka."

Kanti, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, alicheka nyuma ya mashine ya pesa. "Dada Zipporah, huyo si mtu wangu. Huyo ni askari wa Mfalme. Amekuja kununua majani ya chai."

Zipporah akageuka. Alikuwa na koti la rangi ya haradali juu ya sare yake ya kuhudumia wazee, na nywele zilizosukwa siku iliyopita, jambo alilolishukuru papo hapo.

"Samahani. Fulana yako ya kijani imenidanganya, kama za vijana wa duka."

"Mimi imenisaidia," kijana akasema. "Bado sijaambiwa nabeba hadi wapi."

Alibeba hadi kwenye treni, wakabadilisha Wembley Park, wakashuka Kilburn, akapanda na ule mfuko ngazi zote mpaka mlangoni. Njiani Zipporah alikuwa ameshajua kwamba anaitwa Bonface, ni wa Nakuru, na anaendesha malori ya jeshi la Uingereza. Naye Bonface alikuwa ameshajua kwamba Zipporah ni wa Meru, ana binti wa miaka tisa aitwaye Kendi, na kwamba baba yake Kendi aliondoka na televisheni.

"Aliacha rimoti?" Bonface akauliza.

"Aliiacha."

"Basi alikuwa mjinga. Mimi ningechukua vyote viwili." Zipporah akacheka mpaka akashindwa kuingiza ufunguo mlangoni.

Baridi yote ile Bonface alikuja kila alipopata ruhusa, shati limepigwa pasi hadi ungekatia kitunguu. Majira ya kuchipua yalipofika vita vikapamba moto kule jangwani, na kikosi chake kikaitwa. Siku ya kuaga alisimama jikoni, Zipporah akikaanga vitunguu vilivyokuwa vimeshaiva zamani.

"Mjomba wangu yuko tayari kwenda Meru kumwona baba yako. Anasubiri neno lako tu."

"Nenda kwanza, urudi."

"Hilo si jibu, mpenzi."

"Ndilo nililo nalo. Nilishaamini mwanamume mara moja."

Bonface hakumlazimisha. Alimbusu kwenye paji la uso, akaenda vitani bila neno lake.

Wake wa askari Wakenya waliokuwa London walikuwa na desturi ya kukutana Jumapili, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule: chai, chapati, sala, na habari za kambini. Zipporah alialikwa na Tatiana wa Tottenham. Mume wa Tatiana, Miraji, mtu wa Kilifi, alilala kitanda kilichopakana na cha Bonface kambini. Tatiana alikuwa mzuri, tena bila kuhangaika. Gauni la kawaida la madukani likimfika mwilini lilionekana limetoka Paris. Jambo hilo peke yake Zipporah angelivumilia. Lililomkera ni kwamba Tatiana daima alikuwa na habari kwanza.

"Bonface anakusalimu. Anasema amepona mafua."

"Alikuwa na mafua?"

"Hakukwambia? Pengine hakutaka kukusumbua, dada."

Zipporah alitabasamu kwa meno tu. Mtu wake kaugua, kapona, na mke wa mwingine ndiye anayempa ripoti.

Jumapili ya zamu ya Tatiana, Zipporah alikwenda msalani, na mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa wazi kidogo. Shaibu, mtoto wa Tatiana wa miaka miwili, alikuwa kitandani akisinzia. Kando yake simu ilikuwa ikizungumza, na sauti ile Zipporah angeitambua hata chini ya maji.

"Basi sungura akamwambia fisi, rafiki yangu, mimi sina njaa. Lala, mwanangu. Lala, baba atarudi."

Ilikuwa ya Bonface. Zipporah hakungoja neno la pili. Alichukua koti lake, akasema ana zamu, akatoka, chai yake imeganda utando mezani. Kwenye treni alimchunguza yule mtoto akilini. Kufika Finsbury Park, paji la uso lilikuwa la Bonface. Kufika Green Park, hata magoti yalikuwa ya Bonface.

Jioni simu ikalia.

"Mrembo wangu, leo mtandao umetuhurumia."

"Usiniite mrembo. Ongea na mama wa mtoto wako."

"Mtoto gani?"

"Huyo unayemwambia lala mwanangu, baba atarudi. Nimekusikia."

 Bonface akafanya kosa kubwa kuliko yote: akacheka.

"Unacheka?"

"Zipporah, nisikilize kidogo tu, ngoja nikueleze."

"Nimekusikiliza vya kutosha. Umesikika mpaka Tottenham. Mwambie mjomba wako asihangaike na nauli."

Akakata. Bonface alituma ujumbe wa sauti, Zipporah akaufuta bila kuusikiliza. Bonface akatuma mwingine, naye akaufuta pia. Kendi aliuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwa nini mama anaosha sufuria safi.

Jumatano simu za kambini zikazimwa. Wake wa askari walijua maana yake. Kombora likiangukia kambi na mtu akaumia au akafa, simu zote hufungwa mpaka jamaa zake wawe wameambiwa. Maofisa huja wawili, wamevaa nadhifu, hubisha mlango. Zipporah aliipata habari kazini kutoka kwenye kundi lao la simu, akamvisha mzee aliyekuwa akimhudumia soksi moja juu ya nyingine.

Aliporudi nyumbani alikaa dirishani akitazama magari. Kisha likamjia jambo jingine. Alikuwa akimngoja nani? Yeye si mke. Jeshi halimjui. Bonface akifa, watabisha kwa mama yake Nakuru, na yeye ataambiwa na Tatiana.

Mlango ukabishwa. Akaenda kuufungua.

Alikuwa ni Tatiana, amevaa kandambili na koti juu ya gauni la kulalia mchana kweupe, Shaibu mgongoni.

"Umekuja kufanya nini hapa?"

"Nimekimbia nyumba yangu," Tatiana akasema. "Wakija kubisha, wasinikute. Najua ni ujinga. Halafu nikakumbuka kwamba wewe hawatakuja kukubishia hodi kabisa. Nikaona ni vibaya zaidi."

Zipporah alitaka kufunga mlango. Mkono haukumtii. Akampisha.

Walikaa, simu mbili mezani. Mtoto alilia, akakataa maziwa, akakataa ndizi. Mwishowe Tatiana akatoa simu nyingine kuukuu mfukoni, akafungulia rekodi, na sauti ya Bonface ikajaa sebuleni, sungura na fisi wake. Zipporah akasimama.

"Nyumbani kwangu, Tatiana? Hata haya huna?"

"Haya ya nini?"

"Mtoto ni wake au si wake?"

Tatiana alimkodolea macho. "Ndiyo maana ulikimbia chai yangu? Keti. Keti usikie mpaka mwisho, maana naona wewe huwa humalizi."

Hadithi ikaendelea. Fisi akatumbukia kisimani. Lala, mwanangu, baba atarudi. Halafu nyuma ya sauti ya Bonface ikasikika nyingine, ya mtu anayelia kwa kwikwi, akipenga kamasi kama tarumbeta, na Bonface akisema taratibu, "Basi, Miraji. Nimeshasema yote uliyotaka. Muage mtoto sasa." Na ile sauti nzito, imekwama: "Shaibu. Shaibu, baba yako." Kisha kwikwi tena.

"Huyo ndiye baba," Tatiana akasema, machozi yakimtiririka. "Mwanamume anabeba injini kwa mikono miwili, lakini akianza hadithi hafiki mstari wa pili. Analia. Kwa hiyo husimama pembeni, na Bonface husoma kwa niaba yake."

Zipporah alitafuta pa kuweka uso. Hakupata. Akaenda jikoni kupika chai, akaipika na maziwa mengi, akamwekea Tatiana kikombe chake mwenyewe.

"Nilikuwa nakuonea wivu," akasema.

"Nilijua. Niliufurahia kidogo."

Saa kumi na moja simu ya Tatiana ikalia. Alikuwa Miraji, hata salamu hakuweza, analia tayari. Tatiana akaibandika sikioni, akaenda kuegemea ukuta. Aliyekufa alikuwa wa nyumba nyingine, mji mwingine, na hapo hakuna aliyethubutu kumshukuru Mungu kwa sauti. Dakika chache baadaye ikalia ya Zipporah.

"Sijui kama unataka kuniona hai," Bonface akasema.

"Nataka. Mpigie mjomba wako."

"Kumwambia nini?"

"Aende Meru. Baba hupenda blanketi zito, na mama asisahauliwe leso. Na wewe ukimwita tena mtoto wa watu mwanangu, utaje na jina la baba yake."

Alisikia akipumua, kule mbali. "Nitataja. Zipporah, naomba unipe Kendi. Sikuwahi kuthubutu kumsomea kabla hujanikubali."

Kendi alikuwa mlangoni, bado na mkoba wa shule. Zipporah akamnyooshea simu. "Ni Bonface. Anataka kukusomea hadithi."

Kendi alijibu kwa Kiingereza kwamba yeye ni mkubwa, na mambo ya sungura ni ya watoto wachanga. Kisha akaichukua simu, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango.