Kufuli la Nje

Fundi cherehani alikuwa ameshazikwa wiki moja, na chumba chake kilikuwa kitupu, lakini saa sita mchana mlango uligongwa kwa ndani. Ngo, ngo, ngo. Harufu ya mafuta ya cherehani ikatoka chini ya mlango.

Mpelelezi alikuwa koridoni, kwenye kiti cha kuazima, akiandika maelezo ya majirani huku hasira zimemfika kooni. Alikuwa ameapa kwamba mtu ataozea jela kwa kifo hiki.

Jengo lile lilikuwa na mtindo wake. Chumba kikikaa kimya siku tatu, mlinzi anatia kufuli kwa nje, wezi wasije. Hodi hapigi. Safari hii fundi alikuwa ndani, hoi kwa homa.

"Nilijua amesafiri, afande," mlinzi alisema.

"Kwenda kwa nani? Ulishamwona na mgeni hata mmoja?"

Mlinzi akainamia viatu vyake. "Nilimfungia mimi."

Dada wa saluni, jirani wa kushoto, alinong'ona akilia. "Aligonga ukuta. Nikadhani analalamikia redio yangu, nikaipandisha kumkomoa."

"Mimi nilimsikia siku nne, mwanangu," alisema mwalimu mstaafu, jirani wa upande wa kulia. "Nikajua huyu dada ataenda."

"Mlikuwa watu au magogo?" mpelelezi alifoka.

Mwalimu akamsogelea. "Mganga alikuja. Kasema anayegonga ni jini wa upweke wa fundi, hatoki mpaka wote waliomfungia wajitaje. Alikuwa akigonga hata vyumbani kwetu; tulipojitaja, kukatulia. Lakini bado anagonga, afande. Kuna mwingine."

Kweli, aligonga. Safari hii sauti ilitoka ndani ya mkoba wa mpelelezi.

Alirudi kituoni mbio, akajifungia ofisini na kufungua kitabu cha taarifa cha mwezi uliopita, akijua anachokitafuta na kujichukia kwa kukijua. Maandishi yalikuwa yake mwenyewe: mwanamke, fundi cherehani, anasema hana mtu, anaogopa kufa bila kujulikana, anaomba askari apite mara moja kwa wiki. Chini yake aliandika: si kosa la jinai, amerudishwa nyumbani. Alikumbuka hata alivyocheka na wenzake yule mama alipogeuka.

Meza ikagongwa kwa chini. Ngo, ngo, ngo.

"Sikukufungia mimi!" alisema kwa hasira, akauchana ule ukurasa vipande vipande, na vipande vilipokuwa bado vinaanguka harufu ya mafuta ikajaa chumba kizima, na nje ya mlango, ambao tangu aanze kazi pale haukuwahi kuwekwa hata pete ya kufuli, akasikia kufuli likibanwa taratibu.

Akaurukia mlango, akaupiga kwa ngumi zote mbili, akapiga ukuta, akaita.

Chumba cha pili, mwenzake aliguna, akaongeza sauti ya redio.