Tundu Lisilochorwa

Kioo kilitoka tanurini kikiwa na tundu moja lisilokuwa lake.

Mtu mwingine asingeliliona. Clémentine alikishika kile kipande kwa ncha za vidole, akakielekeza dirishani, upande wa ziwa, na mwanga wa asubuhi ukapenya katika ua alilolichora jana kwa mkono wake mwenyewe: petali, mishipa, na wavu mwembamba wa kuyashikilia yote. Katikati ya ua, pale alipokuwa ameacha kioo kizima, palikuwa na kitundu kidogo kama jicho la dagaa. Kingo zake zilikuwa laini. Hakikuwa kimevunjika, kilikuwa kimetengenezwa.

"Cadette! Ni weye njo ulitoboa hii maua?"

"Nitoboe na nini, yaya? Na meno?" Mdogo wake, aliyemwita yaya kwa maana ya dada mkubwa, alikuwa ameketi kizingitini akitwanga chupa katika kinu cha chuma, kitambaa amekifunga puani kuzuia vumbi. "Pengine moto nayo imejifunza dantela."

"Moto haina mikono."

"Na masista je? Uliniambiaka balikuwa na mikono ya moto, kila kofi inabakisha alama!"

Clémentine akacheka, lakini cheko lake halikufika mbali. Tanuri lilikuwa bado na joto la kuokea mkate, ilhali kioo mkononi mwake kilikuwa baridi, na kilinuka tope la chini ya ziwa.

Dantela ndilo jina la lesi kwa watu wa Katanga. Clémentine alifundishwa utotoni huko Pweto, upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa Mweru, na masista wazee waliotunza vitambaa vya altare vilivyosukwa Ulaya enzi za wafalme, nyuzi zake nyembamba kama pumzi. Walimfundisha kusuka kwa vijiti vya mbao vilivyogongana kutwa nzima, tik, tik, tik, hata usingizini akavisikia. Vita vilipoitawanya Pweto, watu wawili tu wa nyumba yao walivuka mpaka wakiwa hai: yeye, na Cadette aliyekuwa bado wa kushikwa mkono. Waliishi kambini Mantapala, wakalima, wakauza mboga, na Cadette alipopevuka wakapanga nyumba ndogo Kashikishi, jirani na soko la samaki la Nchelenge.

Uzi mwembamba haukupatikana huko. Chupa tupu za bia zilizagaa kila kichochoro. Ndipo Clémentine akaanza kusuka kwa kioo. Chupa ilitwangwa hadi ikawa unga. Unga ukachanganywa na uji mzito wa muhogo, ukatiwa katika mfuko wa nailoni uliotobolewa ncha. Naye akauminya uzi kwa uzi juu ya kigae kilichopakwa udongo mweupe, ili kioo kisigande. Cadette alipuliza makaa. Uji uliungua, kioo kikayeyuka na kushikana, na kilichobaki ni lesi iliyolia ukiigusa kwa ukucha.

Na kila alipoziba mdomo wa tanuri, Clémentine alitamka neno moja, kama masista walivyowazoesha kusema baada ya fundo la mwisho, ili kazi iuache mkono wa mfanyaji. Alisema, "Isha."

Wiki hiyo kila kipande kilichotoka kilikuwa na matundu ya ziada. Hayakuwa ovyo. Yalifuata mpango, yalipokezana, yalijua yaendako, na Clémentine, ambaye jicho lake lilikuwa limefunzwa kusoma matundu kabla ya nyuzi, alitambua kwa hofu kwamba mtu fulani alikuwa akisuka lesi nyingine ndani ya lesi yake.

Kisha zikaja sauti. Hazikungoja giza. Zilikuja adhuhuri, saa ambayo wauza samaki hujilaza chini ya meza zao na ziwa huwaka jeupe hata haliangaliki. Kutoka ukutani vilipotundikwa vile vioo, ilisikika tik, kisha tik, kisha tik-tik-tik, vijiti vya mbao vikigongana mahali pasipokuwa na kijiti hata kimoja.

"Unasikia?" Clémentine alinong'ona.

Cadette alikuwa ameketi ameegemeza mgongo kwenye tanuri, amejifunga vitenge viwili, meno yanagongana.

"Niko na baridi, yaya."

"Juu ya nini? Jua inachoma bantu huku!"

"Sijue. Nasikia kama upepo inapita mu mwili yangu. Haipite pembeni. Inapita mu kati."

Clémentine alimshika mkono amwinue, akamtoa nje kwenye jua ili damu imchemke, na walipofika kibarazani alitazama chini kuangalia asije akakanyaga vigae vya chupa, na hapo ndipo alipokiona kivuli cha mdogo wake juu ya mchanga, kivuli kifupi cha mchana, chenye kichwa na mabega na mikono kama vivuli vyote vya wanadamu, ila hiki kilikuwa kimetobolewa, kimetobolewa kifuani na tumboni na viganjani, vitundu vya mwanga vilivyopangana kwa mistari ya petali na mishipa, na kila Cadette alipovuta pumzi vitundu vile vilifumba na kufumbua, taratibu, kama macho ya kitu kinachoamka bila haraka kwa sababu kinajua kwamba kimeshafika.

Hakumwambia. Alimrudisha ndani, akamfunika, akaketi naye akimsugua vidole. Alifikiri ni malaria. Alijilazimisha kufikiri hivyo.

Boyd, mwenye nyumba, alikuwa seremala, na ndiye aliyewatengenezea fremu za kutundikia vioo. Alikuwa Mbemba mzaliwa wa hapo, mwenye Kiswahili alichokiokota kwa wafanyabiashara wa samaki kutoka Kongo. Alifika kesho yake amebeba fremu mpya begani, akapiga kelele tangu barabarani.

"Ba Clémentine! Walevi wote wa Kashikishi wanawasalimia! Wanasema ati wanakunywa kwa bidii ili ninyi msikose kazi!"

Clémentine alikuwa ameinama mbele ya tanuri, mikono imejaa udongo mweupe hadi viwikoni. Aliuziba mdomo wa tanuri. "Isha," akasema.

Kicheko kilimkatika Boyd. "Unaita nani?"

"Siite mutu. Nasema isha. Kazi imeisha."

"Sema tena."

"Isha."

"Awe, mayo. Hapana, mama." Boyd alishusha fremu polepole. "Kwetu, 'isa' ni 'njoo'. Wewe na mimi tunasikia tofauti, sh na s. Lakini aliye mbali, chini ya maji, atasikia nini? Unasema hivyo kila siku?"

"Kila kazi."

"Na hiyo udongo ulitoa wapi?"

"Kule ku kijito, chini ya ile jiwe kubwa. Ni safi, haina mchanga."

Boyd aliinama akaunusa ule udongo, kisha akamtazama Cadette aliyekuwa akitetemeka ndani ya vitenge vyake. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliye ndani ya nyumba ya mgonjwa. "Hiyo ni ulupemba ya ngulu. Wanaoitumikia wanajipaka hiyo mikononi, wanawasha moto, halafu wanaiita. Wewe umejipaka. Umewasha moto. Umesema njoo, njoo, njoo. Mayo, sasa unashangaa imekuja?"

Ngulu ni majini ya kale ya nchi ile, wakaaji wa majabali na vilindi, ambao Wabemba hawawataji ovyo. Clémentine aliitazama mikono yake. Hakuwa amemwibia mtu, wala kumroga, wala kumlaani. Alikuwa amepakua udongo safi na kusema kwamba kazi imekwisha.

Boyd akamleta Mama Rosaria jua lilipokuwa bado juu. Alikuwa mwanamke mnene mpole aliyeuza samaki wa kukausha, na aliyejua kusema na ngulu kwa sababu bibi yake alikuwa amekaliwa nayo maisha yote. Hakuleta ngoma. Alimketisha Cadette mlangoni, jua likimpiga mgongoni, akakitazama kwa muda mrefu kivuli kilichoangukia sakafuni. Kisha alizungumza naye kwa Kibemba cha zamani, kwa sauti ya chini, kama anayemuuliza mgeni habari za safari.

Kinywa cha Cadette kikajibu. Kilijibu kwa Kibemba, lugha ambayo Cadette aliijua ya sokoni tu, na sauti ilikuwa ya kiume, nzee, yenye adabu nyingi. Harufu ya tope ikakijaza chumba.

"Inasema nini?" Clémentine aliuliza.

"Inakushukuru," alisema Rosaria. "Inasema miaka mingi hakuna aliyeiita. Watu wanapita na mitumbwi ya injini, wanatupa plastiki. Wewe umeiita kwa upole, kila siku, na umeijengea nyumba yenye milango mingi."

"Milango gani?"

"Matundu, mwanangu."

"Iambie iende! Niambie nifanye nini, nitafanya!"

"Aliyeita ndiye anayeaga. Mimi siwezi kukusemea. Utaweka mkono kichwani kwake, utasema 'kabiye', nenda. Itakwenda. Siyo mwizi hii. Ni mgeni."

"Na mudogo wangu?"

Rosaria hakumtazama usoni. Alikitazama kivuli. Kilikuwa kimebaki nyuzi tu, wavu mwembamba wenye umbo la msichana, na katikati ya nyuzi hizo mwanga ulikuwa ukicheza wenyewe.

"Wewe ndiye fundi wa kazi hii," alisema. "Niambie wewe."

Naye Clémentine alijua. Alijua tangu siku masista walipompa kijiti cha kwanza kwamba lesi si nyuzi, lesi ni matundu yaliyozungushiwa nyuzi, na kwamba ukiyaondoa matundu hubaki na fundo la uzi lisilo sura, kitu cha kufagia. Kilichokuwa kimeingia kwa Cadette ndicho sasa kilichomsimamisha. Kikitoka, hapana kitakachobaki kimesimama.

Aliweka mkono juu ya kichwa cha mdogo wake. Nywele zilikuwa na umande.

"Yaya." Safari hii sauti ilikuwa ya Cadette, ndogo, ikitoka mbali kama sauti ya mtu aliye ng'ambo ya maji. "Sema. Ile neno, sema tu."

"Nyamaza, mutoto."

"Huku ndani kuko maji. Kuko bantu mingi banasuka, na ile uzi ni miye. Kila tik nasikia bananivuta. Nimechoka, yaya. Niambie niende."

"Nitabakia na nani?"

"Yaya."

"Tulivuka wawili, Cadette. Mama alinipa weye mu mikono. Nitabakia na nani?"

Mdogo wake akamtazama, na machozi yalipomtoka yalikuwa mazito na ya kijani, yakagandia mashavuni kabla hayajadondoka. Clémentine alifungua kinywa. Ulimi wake uliinuka, ukaigusa herufi ya kwanza ya lile neno, ukakaa hapo, ukakaa, huku Boyd akiwa ameufunika uso kwa mikono na Rosaria akihesabu pumzi za msichana kwa midomo isiyo na sauti, huku tik-tik-tik ikipanda kutoka kila kioo ukutani hadi nyumba nzima ikawa karakana moja ya vijiti visivyoonekana, huku mkono wa Cadette ukitafuta mkono wake wa pili, ukaupata, ukauminya kumsihi, na bado ulimi haukushuka.

Akakifumba kinywa.

Zile sauti zikanyamaza papo hapo, zote, kama watu waliokuwa wakisubiri hukumu na sasa wameisikia.

"Basi umeikaribisha mara ya pili," alisema Rosaria. "Na safari hii ulijua." Alijiinua kwa kushika ukuta, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akatoka. Boyd alibeba fremu zake mpya na kumfuata bila kuaga.

Kwa muda Cadette aliendelea kuja. Alikuja akiosha vyombo, akasema "yaya" kwa sauti yake, akapotea kabla Clémentine hajageuka. Kisha alikuja kwa nadra. Kisha hakuja. Aliyebaki alikuwa mwenzi mwema wa nyumbani: alifagia, alipika bukari, ugali wa kwao, kwa mboga, aliwasalimu majirani kwa heshima kuliko Cadette alivyowahi kuwasalimu. Hakucheka hata mara moja. Aliminya kioo kigaeni kwa mkono usiotetemeka, na lesi aliyoisuka ilikuwa nzuri kupita ya masista, nzuri kupita yote waliyoileta kutoka Ulaya, hata Clémentine, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa kitu kingine chochote, alijikuta ameiinamia akijifunza, na akajichukia.

Adhuhuri moja alirudi kutoka sokoni na gunia la makaa kichwani, akakuta mlango umefungwa. Mchana hawakuufunga kamwe. Ndani palikuwa na mashauriano ya sauti za chini, nyingi, za watu wasiokuwa na haraka.

"Cadette," aliita.

Sauti zikakoma.

"Nani?" aliulizwa kutoka ndani.

"Ni miye. Clémentine."

Kimya kikapita, kimya cha watu wanaoulizana kama wanamfahamu mtu wa jina hilo. Kisha komeo likavutwa, na sauti nzee yenye adabu nyingi ikamwambia kama mwenye nyumba anavyomwambia mgeni aliyekuja kuomba maji:

"Aa. Karibu, mama. Pita, ukae hapo karibu na mlango."

Clémentine akatua gunia, akavua viatu vyake, akainamisha kichwa, akaingia.