Ufunguo wa Sanduku la Maoni

Katika bweni letu la Bunju kengele ililia saa kumi na moja alfajiri, na shughuli ya kwanza haikuwa sala wala mswaki. Ilikuwa ukaguzi wa magodoro. Matroni Yustina, mlezi wetu, alipita kitanda kwa kitanda akibonyeza kila godoro kwa kiganja, makini kama daktari wa magodoro.

Muhula ule godoro lililolowa lilikuwa moja tu, la Lusungu wa darasa la nne. Alilibeba kichwani, akauzunguka uwanja mara tatu, bweni zima likimwimbia. Wimbo ule niliutunga mie, Azan wa darasa la saba. Ulikuwa na beti nne na kiitikio. Matroni alinizawadia maandazi mawili, nikayala yote.

Lusungu akaacha kunywa maji kuanzia mchana. Siku moja akaanguka mstarini, midomo imepasuka. Matroni akamwinua kwa sikio.

"Anaigiza," akasema. "Azan, anzisha wimbo."

Nilijifanya koo linauma. Ushujaa wangu uliishia hapo.

Jioni niliandika barua bila jina, nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni nje ya ofisi. Tuliambiwa ufunguo wake anao mwalimu mkuu, Mwalimu Atuganile, na kwamba hakuna mwingine anayezisoma barua zile.

Kesho yake Matroni aliisoma barua yangu bwaloni, kwa sauti ya kitoto.

"Kuna mtu anamwonea huruma kikojozi," akasema. "Vizuri. Jumamosi wazazi wakija, Lusungu atasimama getini na godoro lake kichwani. Mama yake awe wa kwanza kuliona."

Watu walicheka. Bwenini Lusungu alinifuata kitandani.

"Kaka Azan, Jumamosi na wewe utaimba?"

Jibu langu lilikuwa upupu. Unaota nyuma ya choo, vinyweleo vyake vinawasha kuliko siafu, na mie ni mtaalamu wake. Walimu wawili na kiranja mmoja wanaweza kutoa ushahidi. Niliandika barua ya pili, nikainyunyizia upupu kwa heshima zote, nikaitumbukiza sandukuni.

Alhamisi asubuhi Mwalimu Atuganile alisimama mstarini ametulia. Matroni alijikuna mpaka viwikoni. Nikaenda ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo umefanya nini?"

"Nimetia upupu kwenye barua ya sandukuni. Nilitegemea uwe unajikuna wewe, maana tuliambiwa ufunguo unao wewe."

Aliitazama mikono yake. Kisha akatazama dirishani, ambako Matroni alikuwa akijisugua bombani.

"Ufunguo nilimpa yeye," akasema taratibu. "Aliniambia nina kazi nyingi. Barua zilisemaje?"

Nilimweleza yote. Hakusema ataongea na Matroni kwanza. Hakuniambia ninyamaze kwa ajili ya jina la shule. Alichukua karatasi, akaandika maneno yangu, tarehe na saa, akampigia simu Bi Rukaiya, ofisa ustawi wa jamii wa kata, kisha mama yake Lusungu. Kabla ya chakula cha mchana Matroni alikuwa ameondolewa bwenini mpaka uchunguzi uishe.

Bi Rukaiya alituhoji mmoja mmoja.

"Wimbo alitunga nani?" akaniuliza.

Ningeweza kusema sijui. "Mie," nikasema. Akaandika bila kuinua kichwa.

Jumamosi getini hapakuwa na godoro. Nilimwomba Lusungu msamaha mbele ya mama yake. Akageuka, akamshika mama yake mkono.

Baada ya wiki tatu uchunguzi ulithibitisha yote, na Matroni akaachishwa kazi. Mwalimu Atuganile akasimama bwaloni.

"Mfanyakazi akilalamikiwa kwamba anamtesa mtoto, hasomi yeye malalamiko hayo wala hajichunguzi mwenyewe," akasema. "Anayeambiwa anaandika siku hiyo hiyo na kupeleka mbele. Huo ni wajibu wake, hamfanyii mtoto hisani. Mie niligawa ufunguo, na kosa langu limo kwenye ripoti. Nanyi mlioimba, mlimsaidia Matroni kumtesa mwenzenu. Mkiona mtoto anateswa, semeni. Wa kwanza asiposikiliza, mwambieni mwingine."

Kwa upupu na kwa wimbo nilipewa adhabu ya kuosha vikombe vya bwalo mwezi mzima. Siku ya kwanza Lusungu alijaza kikombe maji, akanywa. Akajaza cha pili, akakimaliza polepole akinitazama, kisha akanikabidhi.

"Osha vizuri," akasema.