Mchanga wa Bahari Uliopandishwa Kirua

Mimi nilikuwepo. Nasema hivyo mapema kwa sababu habari hii imeshazunguka kuanzia Himo mpaka Mwika, na kila anayeisimulia anajifanya alisimama pale pale. Hakuwepo. Aliyesimama ni mimi, Denis mchoma nyama, na kama hunijui uliza mtu yeyote aliyewahi kula ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, Vunjo nzima. Wako waliohamia mbali, na kila mwaka wanarudi kwa ajili ya mkono wangu tu. Macho haya yaliona, pua hii ilinusa, na ulimi huu ndio ulioonja ile chumvi kabla ya ulimi mwingine wowote.

Bustani ilikuwa ya Elifuraha. Alikwenda Dar kwenye harusi ya binamu yake, jamaa wakamtembeza kwenye bustani moja ya mjini iliyoko ufukweni. Akaona watoto wanateleza na kuangukia mchangani, wakubwa wamekaa chini ya miavuli wanatafuna pweza, upepo wa bahari unawapiga mashavuni. Akarudi Kirua akiwa mtu mwingine. Aling'oa kahawa ya marehemu baba yake, akachimba bwawa, akaweka bembea, mtelezo wenye umbo la nyangumi, vibanda vya makuti na boti za kukanyaga kwa miguu. Akatundika bango: PWANI YA KIRUA. Watu walimcheka, wakamwita mangi, yaani chifu, wakamuuliza: pwani umeleta, bahari umeisahau wapi? Yeye akajibu kwamba bahari ni maji na chumvi, na vyote viwili anavyo.

Kilichokosekana ni mchanga. Wa huku kwetu ni mweusi na mkali, mtoto akiangukia anachubuka. Kwa hiyo akamtuma Kalisti, dereva wa lori, ashuke mpaka Tanga. Kalisti alipata ufukwe mmoja, jina lake silitaji, wenye mchanga mweupe kama sembe, mahali ambapo wenyeji hawachoti. Palikuwa na vitambaa vyekundu vimefungwa kwenye matawi, na palinukia udi. Lakini Kalisti ni mtu wa Old Moshi, ataambiwa nini na kitambaa? Alidhani watu walikuwa na sherehe. Akachota. Aliniambia baadaye kwamba koleo lilipozama mara moja, kitu kililia huko chini. Wenzake wakasema ni ndege.

Jumamosi ya kwanza baada ya mchanga kumwagwa, niliweka mbuzi motoni bila chumvi, maana mimi chumvi natia mwishoni. Nikakata kipande nionje. Kilikuwa na chumvi mpaka kwenye mfupa. Nikamfuata Eunike, mke wa Elifuraha, aliyekuwa akipika mtori, ile supu nzito ya ndizi, na ndizi za kuchoma, nikamuuliza nani kagusa nyama yangu. Akasema mtori wake nao uko vile vile, na pakiti ya chumvi hajaifungua. Wateja walisifu, wakasema kweli sasa hii ni pwani. Tukatazamana, tukaendelea kupakua.

Kisha zikaja nyayo. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa kwenye migomba, tulikuta mchangani nyayo za mwanamke asiye na viatu, mbichi, zimelowa. Zilianzia katikati ya mchanga, zikazunguka, zikaenda mpaka kwenye mtelezo, zikarudi katikati na kuishia hapo. Hapakuwa na za kuingia wala za kutoka. Harufu ya mwani ilikaa hewani, na harufu ya samaki aliyesahauliwa juani. Na pale nyayo zilipoishia palikuwa na kilima kidogo cha mchanga, kimelainishwa vizuri kwa viganja, urefu wake kama kitoto kisichoanza kutambaa. Nilikisawazisha kwa reki. Mchana, watoto wakiwa wanapiga kelele kwenye bembea na wazazi wao wanakula mishikaki, kikawa kimeshainuka tena, na hakuna aliyemwona anayekiinua.

Elifuraha na Eunike walikuwa na mtoto mmoja, Kindness, binti wa darasa la pili, mwepesi kama ndege. Akitoka shule hakuna kitabu, ni mchanga. Basi huyu alianza kukohoa. Eunike akadhani ni baridi ya mlimani, akampa tangawizi. Jioni moja mtoto alikoholea ndani ya kikombe, na Eunike aliponiletea nitazame, nilikuta maji safi, nusu kikombe, na ndani yake uzi wa kijani wa mwani. Nikachovya kidole. Chumvi. Walimpeleka zahanati, na muuguzi baada ya kumsikiliza kifua akauliza mtoto alizama bahari ipi. Mtoto ambaye mwisho wa safari zake zote ni Moshi mjini.

Eunike alimpakata binti yake jikoni, karibu na moto, akamuuliza kwa sauti ya chini huko mchangani anacheza na nani.

"Na mama yule," mtoto akanong'ona. "Ananiomba nimsaidie kuchimba. Anamtafuta mtoto wake."

"Mama gani, Kindness?"

"Wa huko chini. Amesema akimkosa atakaa na mimi. Haongei kwa hasira, mama. Hana haraka."

Nilikuwa nanoa kisu. Niliacha kunoa.

Elifuraha hakutaka neno lile litoke nje ya ua. Desemba ilikuwa inabisha hodi, watu wetu wanapanda kutoka Dar na Arusha na familia zao, meza zilikuwa zimeshaagizwa. Alimwita mchungaji kimya kimya. Mchungaji aliomba kwa nguvu, sina la kumlaumu, na kikohozi kikakatika. Kikarudi. Kiliporudi mtoto alikuwa anapumua kwa vipande, midomo imekuwa ya bluu, na kila asubuhi mto wake wa kulalia ulikuwa umelowa chapachapa. Sasa haikuhitaji daktari kuona kwamba mtoto anazama, taratibu, kitandani kwake, mlimani, mbali kabisa na bahari yoyote.

Mama yake Elifuraha, Bibi Elisifa, ndiye aliyesema tuache kumfokea huyo mgeni. Alisema tumemkosea mtu, na mtu aliyekosewa hafukuzwi, anaombwa. Kwetu Wachagga anaombwa kwa isale, lile jani refu tunalopanda mipakani. Ukipelekewa isale lililofungwa fundo umeombwa msamaha, na hukatai, hata kama umeuliwa ndugu. Anayekataa anajiitia balaa yeye na uzao wake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sijawahi kumwona aliyekataa.

Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada. Geti lilifungwa, wateja wakaambiwa bwawa linasafishwa. Ukungu ulishuka mapema, mweupe, mzito, mpaka nyangumi wa mtelezo akabaki kichwa tu. Bibi Elisifa alivua viatu, akaingia mchangani, akaweka jani lenye fundo juu ya kile kilima kidogo, akasema maneno ya Kichagga ambayo wazee wake waliyasema. Eunike alikuwa amekaa ukingoni amempakata mtoto. Elifuraha alisimama nyuma yao akitazama getini, asije akaonekana. Mimi nilikuwa kwenye jiko langu, makaa yamewaka, maana nikiogopa huwa nawasha moto.

Kindness akateremka mapajani. Mtoto ambaye tangu juzi hakuweza kusimama alitembea juu ya mchanga bila kuyumba, akaokota jani, akaligeuza geuza, na aliposema, sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, sauti laini ya watu wa pwani, ya mwenyeji anayekukaribisha barazani kwake.

"Hebu nambieni," alisema. "Jani hili kwenu lina maana gani?"

Bibi Elisifa akamweleza.

"Na aliyeuliwa mwanawe? Nae pia hulipokea?"

"Hata yeye," bibi akasema.

"Hata kama mwanawe kakatwa kwa koleo, usingizini, kitandani pake?"

Bibi akaitikia kwa kichwa tu, na wakati huo bwawa ambalo halikuwa na upepo lilianza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala, na zile boti zikagongana, na minyororo ya bembea ikaanza kulia mmoja mmoja ingawa hakuna aliyeigusa, na harufu ya mwani ikatujaa mpaka kooni, na nikaona nyayo zinajichora zenyewe mchangani kumzunguka mtoto, hatua baada ya hatua, bila mguu, zikijaa maji kila zinapochorwa.

"Vyema," ile sauti ikasema. "Nshapokea. Nimewasamehe."

Bibi akashusha pumzi. Mapema mno. Mtoto alimgeukia Eunike, akanyoosha mkono, lile jani likiwa kwenye kiganja.

"Sasa na mie nakuomba radhi, mama. Kwa huyu nimchukuae. Kwa sheria yenu wenyewe."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu kilichotoka kwenye kifua kidogo mno, na kilipopita juu ya makaa yangu nayo yakafifia.

Sote tulimtazama Eunike. Bibi Elisifa alifumba macho, maana yeye ndiye aliyelileta jani na ndiye aliyeitaja sheria. Elifuraha alinong'ona, "Mke wangu, lichukue tu, tutajua baadaye," na sijui alifikiri baadaye gani. Eunike alilichukua. Akainuka nalo, akatembea taratibu mpaka kwenye jiko langu, akalitupa juu ya makaa. Lilitoa moshi, likajikunja, likashika moto. Bibi aliguna kama mtu aliyechomwa mwiba.

"Sijakusamehe," Eunike alisema. "Mchukue. Lakini nitashuka kukufuata huko kwenu, chini ya maji, na mimi sitakuja na jani."

Bwawa likatulia. Ile sauti ikasema kwa upole ambao bado unaniamsha.

"Kumbe wewe ni kama mie. Basi nirudishieni kitanda cha mwanangu. Chote. Atakaebakisha, nami nitabaki nae."

Mtoto akaanguka. Eunike alimwinua, akamgeuza, mtoto akatoa maji mengi kifuani, akalia. Tulimshukuru Mungu kwa kilio kile.

Ndipo Kirua ikaona kazi. Mchanga ulikuwa umesambaa kwenye viatu vya watoto, mifukoni, kwenye mikeka ya magari, kwenye nywele zilizosukwa. Eunike alipita nyumba hadi nyumba akiomba, na hakuna aliyemcheka, maana watu walikuwa wameshaanza kuona mtori wao wenyewe una chumvi. Walileta kwa vikombe, kwa mifuko ya plastiki. Mama mmoja alileta chembe alizozikung'uta kwenye soksi. Tulichota mpaka tukafika kwenye udongo mweusi, tukafagia udongo. Kalisti akateremsha lori lile Tanga, safari hii hakufungulia redio, akaumwaga mchanga palepale kwenye vile vitambaa na kupiga magoti, yeye ambaye hata kanisani hupiga goti moja.

Kindness akapona. Akala, akakimbia, akarudi shule.

Lakini Elifuraha alikuwa amefanya hesabu zake. Alificha gunia moja stoo, nyuma ya kreti za soda, ili sikukuu ikipita amwage tena chini ya mtelezo. Atajuaje, alimwambia Kalisti, jini ana mizani? Kalisti aliniambia mimi, mimi nikamwambia Eunike. Eunike alimwomba mumewe mara moja tu, akimshika mkono, kwamba gunia liondoke kwa ajili ya mtoto. Elifuraha akamwambia ameshaliondoa.

Siku ya sikukuu bustani ilifurika. Muziki, watoto kwenye boti, ndafu wangu wamesimama mezani wamevaa majani mdomoni. Saa saba za mchana, jua limewaka, Elifuraha aliingia stoo kuchukua kreti, na hakutoka. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta, shati kavu, suruali kavu, macho wazi. Nilipomgusa bega aliinama upande, na maji yakamtoka mdomoni kama dumu lililopinduliwa, yakatiririka mpaka kwenye viatu vyangu. Maji ya chumvi. Gunia lilikuwa limekunjwa vizuri pembeni yake, tupu, halina hata chembe.

Juu ya mapaja yake palikuwa na jani la isale, bichi, lina fundo. Fundo lilikuwa limefungwa vibaya, kama na mtu anayejifunza.

Eunike akaja, aproni ikiwa bado kiunoni. Alimtazama mumewe, akalitazama gunia, akaelewa binti yake alikuwa amewekwa rehani kwa ajili ya nini. Nilidhani atalitupa motoni kama lile la kwanza, na jiko langu lilikuwa karibu. Aliinama, akaliokota, akalifuta maji kwa aproni, akalitia kifuani.

"Hili nalipokea," alisema.

Hayo yote ni kama nilivyoyaona. Jambo moja tu nimelitia mwenyewe, na afadhali niliseme kuliko mtu wa Kirua aje anisute. Pale mchangani, jini aliponyoosha lile jani, nimesema alicheka. Hakucheka. Alikuwa analia, kilio kile cha mama anayetoka kumzika mwanawe mgombani, ambacho kwetu hata mtoto anakijua bila kuambiwa. Nimeweka kicheko kwa sababu nimeshajaribu kuisimulia na kilio, na kila mara watu wananiuliza tulikuwa tunamfukuza kwa kosa gani.