Nani Alipanda Gari la Kijivu?

Kila asubuhi Sekela alichota maji, akafagia uwanja, akawapa kuku pumba, kisha akakimbia shuleni huku akitafuna ndizi ya kuchoma. Na kila asubuhi alimkuta Didas amekaa juu ya ukuta wa shule akiwa na jambo jipya la kumkera. Didas alikuwa mtoto wa mwalimu, darasa moja na Sekela, na mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko.

Siku hiyo jambo lilikuwa magari.

"We Sekela! Gari yako ya kijivu inakohoa kama babu yangu," alisema Didas. "Nimeisikia ikiwashwa. Kho, kho, kho! Yangu ya kijani inaimba."

"Siyo yako. Hata baiskeli huna."

"Leo ni yangu. Mimi ndiye askari wake."

Hapo alisema kweli, na ndiyo maana Sekela alikereka zaidi.

Ilikuwa mwaka 1958. Chama cha wakulima wa kahawa cha Lusungo, kijiji kilichoko milimani nyuma ya Mbalizi, kilitaka kununua gari. Moja tu. Gari hilo lingeshusha kahawa wakati wa msimu, na siku yoyote lingempeleka mgonjwa hospitali ya Mbeya. Mpaka hapo wagonjwa walishushwa mlima kwa machela, tena mvua ikinyesha machela ilisubiri, na mgonjwa naye akasubiri.

Bwana Bartholomeo, muuza magari kutoka Iringa, alileta mawili ili wachague. Yote yalikuwa Landrova, yanafanana kama mapacha: pua moja, magurudumu yale yale, turubai lile lile. Yalitofautiana rangi na kinywaji. La kijani lilikunywa petroli, lilikuwa jepesi kukimbia na bei yake ilikuwa nafuu. La kijivu lilikunywa dizeli, lilinguruma kama mashine ya kusaga, na bei yake ilikuwa juu. Lakini Bwana Bartholomeo aliapa kwamba linakula mafuta kidogo sana.

"Hayo ni maneno ya muuzaji," alisema Mzee Sedekia, baba yake Sekela, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama. "Tutayajaribu."

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi. Magari yote mawili yajazwe mafuta mpaka shingoni, yapakiwe magunia sawa ya mchanga, yashuke mpaka Mbalizi na kupanda tena. Yakirudi, yajazwe upya kwa galoni, ndipo ionekane lipi limekula zaidi. Kila gari lilipewa mwanafunzi mmoja wa kukaa nyuma na kuhakikisha hapandi mtu wala hauongezwi mzigo.

"Hata kuku asipande," Bwana Bartholomeo aliwaambia. "Mmesikia, askari wangu?"

"Hata kuku," Sekela aliitikia.

Wakaondoka. Mzee Sedekia, kofia yake kichwani, alikaa mbele katika gari la kijani. La kijivu liliendeshwa na Liberatus, kijana Mhehe mpole, dereva wa Bwana Bartholomeo. Kushuka hakukuwa na neno. Walipofika Mbalizi wakageuza, na hapo mvua ikaanza kunyesha. Gari la kijani likatangulia mbio. Lilipopotea kwenye kona, Sekela bado alimsikia Didas akicheka.

Chini ya mlima, Liberatus alifunga breki ghafla.

"Mama yangu! Yule mtu kaona nyoka?"

Mwanamke mmoja alikuwa anatambaa kutoka kwenye migomba kando ya barabara, matope mpaka magotini, na tumbo lake kubwa la mimba. Alikuwa Tusekile, mke wa kaka yake Sekela. Nyuma yake alitoka mama yake mzazi, na nyuma ya mama yake kulikuwa na gunia la mchele na mikungu miwili ya ndizi.

Hakukuwa na nyoka. Kulikuwa na baba mkwe. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Akimwona anakuja, mwanamke anaacha njia na kujificha. Hamtazami, hasemi naye, na jina lake halitamki kamwe. Siyo ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Mchungaji alikuwa ameshasema kwamba Wakristo wanaweza kulegeza kidogo, na Tusekile alikubali kwa kichwa, ila miguu yake haikukubali. Ilipomwona Mzee Sedekia ndani ya gari la kijani, ilimpeleka kwenye migomba bila kumuuliza.

"Wifi," alisema Tusekile akihema, "nipandishe. Miguu imevimba, mlima siuwezi."

Sekela akatazama gunia. Akatazama mikungu. Akakumbuka kuku. Lakini angemwachaje wifi yake kwenye mvua na hali ile?

"Wewe ndiye askari," Liberatus alimwambia. "Ukisema sawa, mimi napakia."

"Sawa," alisema Sekela.

Gari likapanda likinguruma kwa gia ya kwanza, matope yakiruka, na halikusimama hata mara moja. Karibu na ghala la chama Tusekile akaanza tena. "Hapana, hapana! Yule mwenye kofia atakuwa amesimama pale. Nizungusheni kwa njia ya kijitoni." Basi wakazunguka, njia ndefu yenye mashimo, mpaka nyumbani kwa Tusekile. Aliposhuka alimshika Sekela mkono. "Usiseme, wifi. Mama yako alinikataza kwenda sokoni. Ndaga, asante."

Ghalani watu walikuwa wamesubiri mpaka wamechoka. Magari yakajazwa upya. Bwana Bartholomeo alimimina dizeli kwenye gari la kijivu akitabasamu. Akamimina tena. Tabasamu likapungua. Alipomimina galoni nyingine, tabasamu likaisha kabisa.

"Limekula sawa na la petroli!" Didas alipiga kelele. "Babu ana kikohozi na njaa!"

Watu wakacheka, lakini Mzee Sedekia hakucheka. "Bwana Bartholomeo, bei ya juu, mafuta sawa, na limechelewa kufika. Tulipie nini?"

Bwana Bartholomeo alimgeukia dereva wake. Jasho lilikuwa linamtoka ingawa kulikuwa na baridi. "Liberatus, dizeli yangu umemuuzia nani huko njiani?"

"Sijauza, bwana! Tulipakia akina mama wawili na mizigo, tukazunguka. Muulize huyu binti."

Macho yote yakamgeukia Sekela. Mdomo wa Didas ulikuwa wazi, tayari kucheka. Sekela aliona jinsi atakavyoitwa askari wa kuku mpaka amalize shule. Akamwona pia Tusekile akigombezwa.

"Sikuona mtu," alisema.

Liberatus alimgeukia. Hakutukana, hakupaza sauti. "Mimi mgeni hapa, binti," alisema polepole. "Wewe ulikuwepo."

"Lete ufunguo," alisema Bwana Bartholomeo. "Iringa utarudi kwa miguu yako, na kazi utafute kwingine."

Sekela alimwaza Liberatus akitembea siku nyingi kwenye matope kwa sababu ya maneno yake mawili. Akamvuta baba yake shati. "Baba."

"Ngoja, Sekela."

"Baba, kuna jambo..."

"Watu wazima wanaongea!"

Akamwendea Bwana Bartholomeo. Huyo alikuwa anabishana na mhazini na hakumsikia. Akamwendea mwalimu. "Nenda ukacheze," mwalimu alisema. Ajabu ya watu wazima! Aliposema uongo wote walinyamaza wakamsikiliza. Sasa anataka kusema kweli, kila mmoja ana kelele zake. Hasira zikampanda mpaka machozi yakamtoka. Liberatus alikuwa ameshatoa kifurushi chake cha nguo kwenye gari.

Sekela akapanda kwenye gari la kijivu, akaweka kiganja juu ya honi, akakandamiza.

Piiiiiii! Mbuzi walikimbia. Bibi Damari, mkunga wa kijiji na mjumbe wa kamati, aliziba masikio. Sekela hakuachia mpaka uwanja mzima ukawa kimya, na baba yake anakuja kwa hatua kubwa.

"Nimesema uongo!" Sekela alipiga kelele. "Nilipandisha watu! Dereva hakuiba kitu! Alikuwa wifi Tusekile na mama yake, na mchele, na ndizi. Baba, alikuona ukipita akajificha migombani. Tukazunguka njia ya kijitoni ili asikutane na wewe."

Wanyakyusa wote pale waliguna kwa pamoja. Jambo lilikuwa wazi kwao kama maji. Bwana Bartholomeo peke yake hakuelewa.

"Kwa hiyo mwanamke alimkimbia mzee? Mzee alimfanya nini?"

"Alimzaa mumewe," alisema Bibi Damari. "Usijali, utazoea."

"Mimi nataka kusikia kutoka kwa mwanamke mwenyewe," alisema Bwana Bartholomeo. "Sasa hivi tu mtoto huyu alisema hivi, sasa anasema vile. Nimwamini lini?"

Maneno hayo yalimchoma Sekela. Wakaenda wote mpaka nyumbani kwa Tusekile. Mzee Sedekia alisimama nje ya ua wa mianzi, akaupa mgongo mlango.

"Si uingie tu umuulize?" alisema Bwana Bartholomeo.

"Akiingia, binti wa watu atatorokea dirishani na mimba yake," Bibi Damari alimjibu. "Kaa kimya, bwana."

"Sekela," aliita Mzee Sedekia bila kugeuka. "Kamuulize aliye ndani. Walipanda wangapi, na walibeba nini. Kisha niletee maneno yake kama yalivyo."

Sekela akaingia. Tusekile alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika kanga mpaka machoni. Aliposikia kilichotokea alisema, "Mwambie mwenye kofia tulipanda mimi na mama yangu, na gunia la mchele, na mikungu miwili. Mwambie pia kwamba nilikatazwa kwenda sokoni nikaenda. Nilimwomba wifi asiseme. Kosa ni langu."

Kutoka mlangoni mpaka kwenye ua hakukuwa mbali, lakini Sekela alitembea taratibu. Angeweza kuacha yale ya mwisho. Nani angejua? Wifi hawezi kutoka kumsahihisha, na baba hawezi kuingia kuhakikisha. Akafika mbele ya baba yake, akasema yote, mpaka lile la soko. Kisha akaongeza, "Na kosa lingine ni langu, baba. Yeye aliniomba ninyamaze. Uongo niliusema mimi."

Aliyezungumza kwanza alikuwa Bwana Bartholomeo, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ngojeni! Magunia yote ya mchanga, na juu yake gunia la mchele, mikungu miwili na watu wawili, mmoja mwenye mimba... na likapanda ule mlima kwenye mvua? Liberatus, mlisukuma?"

"Hatukusukuma, bwana. Gia ya kwanza mpaka juu."

"Na lilizunguka mpaka kijitoni!" alisema mhazini. "Basi halikula sana. Lilifanya kazi nyingi."

Kesho yake jaribio lilirudiwa, mzigo sawa, bila kuku. La kijani lilifika kwanza kama kawaida, na Didas aliimba mpaka sauti ikamkauka. Lakini yalipojazwa mafuta, la kijivu lilikuwa limekula nusu na kitu kidogo tu ya mafuta ya lile jingine. Kamati ilibishana. Wengine walitaka bei nafuu na mbio. Mhazini alisema tofauti ya bei itarudishwa na mafuta, ila uvumilivu utahitajika.

Bibi Damari ndiye aliyemaliza. "Mgonjwa hataki kukimbizwa. Anataka kufika. Na gari likikosa mafuta kwa sababu chama hakina hela, mbio zake tutazifanyia nini? Jana lile la kijivu limepandisha mja mzito kwenye mvua. Mimi nimeshaona."

Wakachagua la kijivu. Bwana Bartholomeo alimrudishia Liberatus ufunguo mbele ya watu wote, akamwomba radhi, na Liberatus akaupokea bila maneno mengi.

Jioni Mzee Sedekia alimwita Sekela wakakaa barazani.

"Nimekasirika," alisema. "Lakini si kwa sababu ulimpakia wifi yako. Ningekuwa wewe, ningempakia pia. Ungefika tu ukasema: nimepakia watu, jaribio limeharibika, turudie. Tungenung'unika kidogo, ikaisha."

"Niliogopa, baba."

"Najua. Sasa nisikilize. Mkwe wangu hanitazami, na mimi simtazami. Akiumwa, wewe ndiye unaniambia. Nikiwa na neno kwake, wewe ndiye unalipeleka. Tunaishi kwa kuuamini mdomo wako. Ukisema uongo, mimi ninakuwa kipofu na yeye anakuwa kiziwi, na dereva wa watu anafukuzwa kazi. Jana pale uani ulileta maneno yote, hata yale mabaya. Ndivyo ninavyotaka uwe kila siku, hata kama hakuna anayeweza kuyahakikisha."

"Nimesikia, baba."

"Kwa Liberatus je? Nikuombee radhi?"

Sekela akatikisa kichwa. Akainuka, akavuka uwanja peke yake mpaka kwenye gari la kijivu, ambako Liberatus alikuwa anafuta matope. Safari hii hakutumwa na mtu. Maneno aliyobeba yalikuwa yake mwenyewe.